Goti la Mume wa Mchoraji

"Pandisha suruali, goti lionekane. Na utulie, mgonjwa!"

Saa tatu asubuhi, sebuleni kwao, mchoraji huyu amesogeza kigoda mpaka pua yake inakaribia kugusa goti la mumewe. Analipapasa kwa kidole, anachora mstari, anapapasa tena. Mumewe, seremala mstaafu, ameweka mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa na analalamikia baridi.

"Mwenzenu nimeugua kila ugonjwa kwa ajili ya mwanamke huyu," anasema. "Surua, ukurutu, bawasiri..."

"Bawasiri sikukuchora! Muongo mkubwa we!"

Kwa zaidi ya miaka thelathini, mama huyu amelichorea jarida kongwe la madaktari wa magonjwa yote, wale wanaompokea kila anayebisha hodi, awe na mafua au ugonjwa wa moyo. Mgongo, ulimi, kisigino, vyote vilivyomo humo ni vya mzee huyu. Ofisini wanamwita Mgonjwa Wetu. Kuna daktari aliyewahi kumchungulia sikio kliniki, akaguna: "Mzee, hili sikio mbona nalifahamu?"

Miezi miwili iliyopita, mchoro wake ulirudishwa kwa mara ya kwanza. Makala ilihusu magoti ya wazee. Mhariri, ambaye naye ni daktari, alipiga simu.

"Mama, hili goti la kijana. La mzee liko wapi?"

"La mzee ndilo hilo!" alimjibu kwa hasira. "Nalala nalo kila siku, utanifundisha wewe?"

Mhariri hakubishana naye. Alitoa matoleo ya karibuni, akayapanga mezani, akaona maajabu: Mgonjwa Wetu ameacha kuzeeka. Hana kunyanzi hata moja. Akamwita mchoraji ofisini, akammulika macho kwa kurunzi. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto.

"Nimelea watoto wanne," mama anacheka. "Huyu wa tano kaingia bila hodi."

Kicheko hakidumu. Alhamisi anapasuliwa jicho la kwanza, na hafichi kwamba anaogopa. "Sijui kazi nyingine. Jicho likigoma, mimi nitakuwa nani?"

Mhariri ameiahirisha makala ile. Goti la mtu mwingine halitaki katu. Lakini mama hakuweza kukaa bure, ndiyo maana leo anajaribu kuchora kwa kupapasa. Maskini mama wa watu, karatasi imejaa mistari inayopishana.

Mumewe naye ana hofu yake. "Kisu sikiogopi. Naogopa bandeji ikitolewa. Mwenzangu miaka yote anaishi na kijana, leo afumbue macho akute babu!"

Safari hii mkewe hacheki. Anaweka penseli chini, anamshushia taratibu ule mguu wa suruali uliopandishwa, mpaka ufunike goti na kufika kwenye kifundo.

"Tumekula chumvi pamoja, baba watoto, ila uzee wako peke yake ndio sijauona," anamwambia. "Na ni wangu, nautaka wote. Nikifunguliwa naanza na uso. Hilo goti lao litasubiri."