Protais, Mtu wa Uani

Ilikuwa mwaka 2018. Hapana, nimekosea. Mwaka 2018 nilikuwa bado natangatanga kwa wanangu, mwezi huu Lewisville, mwezi ule Dallas kule Vickery Meadow, nalala sebuleni kama begi la mgeni. Ni 2019, basi. Huo ndio mwaka niliohamia Fort Worth, na mlango wangu ukatazamana na mlango wa Protais.

Protais alikuwa Mrundi mwenzangu, wa Ruyigi, mtu mwembamba wa sauti ndogo. Wiki nzima alikuwa kwenye mashine za kufulia mashuka ya mahoteli. Jumamosi, badala ya kupumzika, alikwenda parokiani kunyoosha vitambaa vya altare na kupangusa vumbi karibu na tabernakulo, pale taa nyekundu inapowaka. Hakuna aliyemtuma. Mkewe Fébronie alisema kama angezaliwa shuka, angependwa zaidi.

Jumapili jioni jumuiya yetu ndogo ilikutana kwao, na mwalimu alikuwa yeye. Shule yake ilikuwa ndogo kama yangu, lakini kambini kule Kibondo katekista mmoja alimfundisha habari za hema ya Musa, na ikamkaa moyoni. Sisi tuliozeeka ndani ya mahema tulimwelewa upesi. Alisema, "Mungu naye alikaa hemani. Wakihama wanamfungua kamba, wanamkunja, wanakwenda naye. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Mungu hamjui mkimbizi."

Kisha akatumia nyumba yenyewe kama mfano. Ua wa hema ni pale nje tunapoegesha magari, kila mtu anafika, hata mwenye matope. Birika la shaba ni sinki ya Fébronie, ndio ubatizo. Hapa sebuleni ni Patakatifu, kuna taa, kuna meza ya mikate.

"Na chumba cha ndani?" Absalom aliuliza. Huyu Absalom ni mzee wa jumuiya, mcheshi, hakuna asichokitania.

"Kile ni Patakatifu pa Patakatifu. Ni cha Fébronie. Hata mimi nabisha hodi."

"Na akiingia na viatu," Fébronie akajibu toka jikoni, "atatoka hana miguu."

Tukacheka. Protais akangoja tumalize, akasema polepole kwamba kule ndani aliingia kuhani mmoja tu, mara moja kwa mwaka, na damu isiyo yake. Bwana wetu aliingia kwa damu yake mwenyewe, pazia likapasuka. Likapasuka kuanzia juu, asije mtu akajisifu kwamba amelichana yeye.

"Basi mbona wewe huingii?" Absalom alisema. "Kila Misa tunakwenda kupokea, wewe umesimama mlangoni kama askari. Unatupikia na huli."

Alitania tu, lakini hakuna aliyecheka. Protais alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Mimi ni mtu wa uani, mzee Absalom. Uani nako ni kwa Mungu."

Sababu aliniambia baadaye, tukiwa kwenye ngazi. Mwaka 1993, kabla hajamjua Fébronie, alikuwa na mke wa ndoa ya kanisa, Fortunée. Vita ilipoanza yeye alikuwa safarini. Aliporudi alikuta nyumba haina paa na watu wamekimbia. Alimtafuta kambi hata kambi, hakuna aliyemwona mzima, hakuna aliyemwona maiti. Miaka ikapita, akakaa na Fébronie, wakamzaa Ella. Lakini ndoa haikuweza kubarikiwa, maana mke wa kwanza hakujulikana kama amekufa. Wote wawili hawakupokea Komunyo tangu hapo. Protais alikuwa amekwishapita miaka sitini, na alitaka jambo moja kabla hajafa: kwenda mezani pa Bwana, Fébronie ubavuni. Padre alimwambia, "Nitafutie mtu aliyeona kwa macho yake, mengine niachie mimi."

Mwisho wa mwaka ule tukasikia kwamba Pelagia yuko Houston. Pelagia alitoka kilima kimoja na Fortunée, na kwetu kilima ndicho kijiji, wamekua pamoja kama dada. Kama kuna aliyejua, ni yeye. Ella akaomba ruhusa kazini, akatuendesha, mimi na baba yake. Protais alivaa koti lake la Pasaka.

Tulipofika, tuliona magari mengi nje, na akina mama wanaosha masufuria kibarazani. Mume wa Pelagia alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Sisi hatukuwa na habari.

Tukaingia. Pelagia alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, amejitanda kitenge. Alipomwona Protais alimnyooshea mikono yote miwili.

"Shemeji. Umekuja toka mbali kunililia mume wangu."

Wewe msomaji, ungesema nini? Protais alimshika mikono, machozi yakamtoka, akaketi. Tukapewa chakula, tukasali rozari, tukatoa pole yetu, tukaaga.

Ndani ya gari Ella alishindwa kuvumilia. "Baba, neno moja tu. Ungemwuliza."

"Ningemwambia sikuja kwa ajili ya mumewe?"

"Ungemwambia ukweli."

"Mwanangu, mtu hapeleki maiti yake kwenye msiba wa mwenzake. Kwetu maneno kama hayo yanangoja siku ya kuondoa msiba. Siku hiyo watu wanakunywa, mjane anarudi kwenye maisha, kila mwenye neno analisema. Tutarudi."

Mimi nilikubaliana naye, na mtu yeyote wa rika letu angekubali. Msiba ulipangwa kuondolewa baada ya Pasaka.

Pasaka yenyewe ya 2020 mnaijua. Milango ya kanisa ilifungwa, Misa tukaitazama kwenye simu. Houston wakatuma habari kwamba kuondoa msiba kumeahirishwa. Ella akasema basi apige simu, Pelagia ana simu, kila mtu ana simu. Protais akakataa. Alisema kaburi la mtu haliulizwi kwa simu, mwenye kujibu anahitaji kushikwa mkono. Jumamosi aliendelea kwenda parokiani, akanyoosha vitambaa ambavyo hakuna aliyevitumia.

Kule kwenye mashuka ugonjwa ukampata. Alilazwa katikati ya majira ya joto. Padre alifika hospitalini na mafuta matakatifu na Komunyo, lakini siku zile hata yeye hakuruhusiwa kupita mlangoni. Fébronie aliongea naye kwa simu iliyoshikwa na muuguzi. Protais alimwuliza kama vitambaa vya altare vimebadilishwa. Huo ndio mwisho wa maneno yao, akafia kule kule.

Msiba wa Houston uliondolewa wakati baridi inaanza, nje, watu wachache, wamefunika midomo. Nilipanda basi, nikaenda. Vikombe vilipozunguka, nikapewa nafasi ya kusema, nikamwuliza Pelagia mbele ya wote.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Fortunée? Nilimzika mimi. Mimi na kaka yangu, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kabla hatujavuka mpaka. Mwaka ule ule wa vita."

"Protais hakujua, mama."

"Asijue vipi? Alikuja hapa akanishika mikono akalia. Nikasema moyoni, shemeji ananishukuru kwa kumzikia mke." Akaweka kikombe chini. "Mbona hakuniuliza?"

Nikamweleza ni kwa sababu ya msiba wake. Alijifunika uso na kitenge, na sherehe ile, iliyokuwa ya kumtoa kwenye kilio, ikamrudisha.

Nilimpelekea Fébronie habari hiyo mwenyewe. Alikuwa akichambua maharage, akaendelea kuchambua. Padre alipopata ushuhuda alisema ungetosha kuwafungisha ndoa; sasa mjane hana kinachomzuia, akaungame, aje apokee. Aliungama. Lakini kanisa lilipofunguliwa na watu wakapanga mstari, alibaki benchi la nyuma. Nilimgusa bega.

"Shemeji, nenda."

"Nitapitaje peke yangu?" alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiifagia hiyo njia."

Mpaka leo anakaa pale pale, nami nakaa naye, ingawa mimi nakwenda kupokea na kurudi.

Kuna jambo nimewauliza watu. Nilimwuliza padre baada ya Misa, akaniwekea mkono begani, akasema tutaongea, kisha akahamishwa. Nilimwuliza Absalom, yeye ambaye hakosi neno, akavua kofia akaitazama. Fortunée alikuwa kaburini miaka yote ile. Mlango ulikuwa wazi, na Protais hakujua, akasimama uani hadi kufa kwa kumheshimu Mungu. Je, Mungu alipomtazama pale, alimhesabu yuko nje, au yuko ndani?