Kiti cha Mbele, Kulia kwa Rubani

Watu wa uwanja ule mdogo wa ndege walimwita Mizani, na hakuwahi kununa. Angenuna vipi, na jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake miwili? Hakuna kilichoingia ndani ya ndege yake bila kupanda kwanza kwenye sahani ya chuma iliyokaa mlangoni: begi, mtoto, bibi na mkoba wake, hata tajiri mwenye ndege. Siku tajiri alipopandishwa, mshale ulikimbia mpaka wafanyakazi wakageuza nyuso kwa adabu, na Mizani akaiandika ile namba kwenye karatasi yake bila kutabasamu. Miaka kumi na moja aliendesha ndege ya injini moja na viti kumi na viwili, na miaka kumi na moja kila aliyeondoka naye alifika. Mtu wa namna hiyo mwache apime.

Tajiri wake alikuwa mkono wa birika, ingawa si mtu mbaya. Kampuni kubwa huwapa marubani bonasi nono mwisho wa mwaka, ya kuendea likizo na familia. Yeye miaka yote aliwapa marubani wake watatu kalenda na kalamu, na kalamu zenyewe zilikauka kabla ya kalenda kwisha. Mwaka huo, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye kilichomgusa, akawaita ofisini, akatoa hotuba ndefu, akampa kila mmoja barua yenye muhuri: kiti kimoja, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa mtu wa nyumbani, kabla ya mwaka mpya.

"Bonasi gani hii isiyopikika?" alinung'unika mmoja walipotoka nje.

Mizani hakunung'unika. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, na jioni hiyo akaipeleka moja kwa moja kwa baba yake.

Mzee huyo alikuwa mkata nyasi wa uwanja uleule kwa miaka thelathini. Ndiye aliyepanga yale mawe kumi na manne kando ya njia ya kurukia, akiyapaka chokaa kila baada ya mvua, na ndiye aliyemlea binti yake peke yake, akimweka kivulini kwenye kibanda cha mashine za nyasi na kumfundisha kuhesabu kwa mawe hayo. Lakini ndege hakuwahi kupanda. Waliopanda walikuwa wenye tiketi. Ulipofika wakati wa binti kuendesha, mzee alikuwa amestaafu, na tajiri hakubeba mtu bure, awe baba wa rubani au baba wa nani.

"Uwanja ule nimeuchana nywele miaka thelathini," mzee alikuwa akisema, "na sijawahi kuuona sura."

Sasa muda wenyewe ulikuwa unakwisha. Presha ya macho ilikuwa imekula uoni wa mzee pembeni kote. Alibakiwa na katikati tu, akawa anautazama ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hakuzungusha maneno: hata hiyo katikati haitafika mvua zijazo. Kwa hiyo Mizani alipomsomea barua, mzee hakuuliza ndege inakwenda wapi. Aliuliza kama kiti kina dirisha.

"Utakaa mbele, baba. Kulia kwangu. Mbele yako kioo kitupu."

"Basi niletee suti yangu tuione kama bado inanijua."

Nafasi ilipatikana siku tatu kabla ya mwaka kwisha, safari ya saa saba mchana. Safari nyingine zote zilijaa watu wa likizo. Mzee alifika saa nne asubuhi, suti imepigwa pasi, kofia mkononi. Alipanda kwenye mizani bila kuambiwa: kilo sitini na moja. Mizani akaandika. Abiria wengine wakapimwa na mizigo yao ya likizo, hesabu ikatimia, ikabaki nafasi ndogo tu ya kupumulia. Mzee akaingizwa mbele, akafungwa mkanda. Akaweka kofia magotini, akawa anaitazama mishale ya kwenye dashibodi mmojammoja, kama mgeni anayesalimia watoto wa nyumba.

Ndipo gari la zahanati lilipoingia kwa vumbi. Dereva alishusha sanduku la dawa zilizofukiwa kwenye barafu. Zilikuwa zimeisha upande wa pili, huko ndege iendako, barua ya muuguzi ilisema, na watu wanazingoja. Barafu ingedumu mpaka jioni, na ndege nyingine ya kwenda huko haikuwepo mpaka baada ya likizo. Sanduku likawekwa kwenye sahani. Kilo sitini na tano.

Mizani aliitazama karatasi yake, akalitazama jua. Akarudi kwa abiria, akawauliza kama kuna anayeweza kuacha mzigo mmoja uje baadaye. Wote wakajitia hamnazo. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Tajiri alikuja mbio, jasho likimtiririka. "Pakia, tuondoke! Kilo sitini nazo ni kilo?"

"Joto hili limeipunguzia hewa nguvu ya kutubeba. Ni kilo."

"Mzee mwenyewe mwembamba kama ufagio! Wewe, nimetangaza hii bonasi mbele ya wafanyakazi wote. Ukimshusha leo, utakuwa umenivua nguo."

"Abiria wamelipa, dawa lazima ziende," alisema Mizani. "Kanuni uliiandika mwenyewe, bosi. Ndege ikizidi uzito, kiti cha zawadi ndicho cha kwanza kutoka."

"Kanuni ni yangu, basi naifuta!"

"Kanuni futa. Joto utalifutaje?"

Alisema hivyo kwa sauti kavu. Lakini kiti kile alikitaka kuliko tajiri, kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Alijua kwamba wiki hiyo hakuna safari nyingine yenye nafasi, na kwamba barua ikivuka mwaka ni karatasi tu. Akapiga moyo konde, akazunguka upande wa kulia, akafungua mlango.

"Baba, shuka."

Mzee alimgeukia, akimtafuta kwa lile bomba lake mpaka akampata. "Si leo?"

"Si leo."

"Haya."

Mkanda ulimsumbua, Mizani akamsaidia kuufungua. Mzee akashuka akishika bega la binti yake, kisha akanyoosha mkono nyuma yake. "Nipe na kofia. Nayo ina uzito."

Mizani aliruka na dawa na abiria, akakaa angani dakika hamsini, akashusha, akapakia wengine, akarudi. Safari nzima kiti cha kulia kilikuwa kitupu pembeni yake na hakukitazama hata mara moja. Alipotua, jua lilikuwa limeanza kulegea. Baba yake alikuwa bado yupo, ameketi kwenye benchi la ofisi ya tiketi, na tajiri ameketi pembeni yake kama mtu aliyesusiwa karamu. Mizani akawaendea akiwa ameshaandaa maneno ya kuomba radhi, na hakuna hata neno moja lililomtosha.

Mzee akamtangulia. "Uliinua magurudumu kwenye jiwe la kumi na mbili."

Mizani akasimama. "Ndivyo karatasi yangu ilivyosema. La kumi na mbili."

"Nilijua. Joto likiwa hivi na ndege imeshiba, ni la kumi na mbili." Mzee akaipangusa kofia yake kwa kiganja. "Zamani, kabla hujaanza shule, niliona moja iliyopakia mtu mmoja wa ziada. Mwembamba vilevile. Hiyo iliyapita mawe yote kumi na manne."

"Ikawaje?" aliuliza tajiri.

"Nilisaidia kuwatoa mtaroni."

Tajiri aliitazama njia ya kurukia, akayahesabu yale mawe kwa midomo, kimyakimya, akarudia tena. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kuyaona. Kisha akainuka, akakohoa, akajifanya anaongea na karani wa tiketi ndani ya dirisha, ingawa karani alikuwa ameshakwenda nyumbani.

"Naongeza safari: kesho saa kumi na mbili asubuhi ndege inakwenda tupu kufuata abiria upande wa pili. Kuna ubaridi. Mzee aje." Akafika mlangoni, akageuka. "Na asipimwe. Ni mgeni wangu."

"Atapimwa," alisema Mizani.

Mzee alipimwa. Kilo sitini na moja na nusu, maana alikula vizuri usiku ule. Waliondoka wawili tu, ndege nyepesi, hewa nzito ya asubuhi, na magurudumu yakaacha ardhi kwenye jiwe la sita. Mizani alipanda juu kidogo, akalaza bawa la kulia, akazunguka polepole ili uwanja uje wote mbele ya kioo cha baba yake, palepale katikati alipobakiwa na macho.

Mzee aliinama mbele. Alitazama muda mrefu, mikono imeshika kofia kwa nguvu. Mizani hakuthubutu kuuliza. Labda alikuwa amechelewa. Labda kule chini mzee aliona ukungu tu, na alikuwa akitafuta namna ya kumshukuru mwanawe bila kumuumiza.

"Nani anakata nyasi siku hizi?" mzee alipiga kelele kuishinda injini.

"Kijana mpya! Kwa nini?"

"Kapindisha! Kule mwisho, kapindisha kabisa, toka jiwe la tisa! Na hilo la kumi na moja halijapakwa chokaa!"

Mizani akacheka huku machozi yakimtoka, akalilaza bawa tena upande ule, ili baba yake amalize kulalamika.