Kofia ya Mathieu juu ya kompyuta

Leo nimemfanya rafiki yangu Mathieu aache kucheka.

Alikuja kunitazama, mgonjwa kitandani. Tukakumbuka miaka ya themanini, tulipoandika programu pamoja hapa Bunia, zote katika hifadhidata moja, ghala moja la kazi yetu.

Aliyekuwa akibadilisha kitu aliweka kofia yake juu ya kompyuta. Mwingine alingoja.

"Leo mashini inakataza yenyewe watu wawili kubadilisha pamoja," akasema. "Siye tulikuwa na kofia!"

Tukacheka sana.

Ndipo nikamwambia: "Siku ile kazi yako ilipotea, niliondoa kofia yako. Nilikuwa na haraka. Nikaandika yangu, ikafuta kazi yako."

Mathieu akaacha kucheka.

"Muzee, niliacha ufundi ule wa programu juu ya siku ile. Nilizani ni miye niliharibisha."

Akaondoka bila kuniaga.

Naogopa kufa kabla hajarudi.

Ndugu zangu, ninyi mngerudi?