Mume wangu anajua alikomfukia mtoto wa bibi

Admin, usiweke jina langu, hata mume wangu ni msomaji wa ukurasa huu. Nina miaka 24, nimeishia kidato cha nne, naishi Bagamoyo ya hapa Tukuyu. Nina miezi mitatu kwenye ndoa na jamani napendwa. Akirudi kazini ananiita "bosi wangu" hata kabla hajavua buti. Nikimwangalia anakula, nasahau kula.

Yeye ni opareta wa kijiko, ule mtambo wa kuchimba. Amepata njia mbili za kwenda nje. Nchi moja inatoa viza ya kazi ya miaka miwili, wanampima kwenye mtambo tu, lakini mke haruhusiwi. Nyingine mke anaruhusiwa, ila wanataka barua ya uzoefu kutoka kwa msimamizi wake. Tukachagua hiyo. Nikaanza kuwaza hadi rangi ya mapazia yetu ya huko.

Wiki iliyopita akaniambia jambo. Wakipanua barabara Isongole, kijiko chake kiliinua mifupa midogo. Kaburi la mtoto, lilikuwa na alama ya jiwe tu. Msimamizi akamwambia, "Fukia, songa mbele. Ukifungua mdomo, barua usahau." Mume wangu akaifunga mifupa kwenye koti lake la kazi, akaifukia bondeni, kando ya barabara.

Mama wa yule mtoto ni bibi anayetuuzia viazi. Juzi alikuja akamuuliza mume wangu, "Baba, mlipochimba hamkumwona mwanangu?"

"Hatukuona kitu, bibi."

"Ndaga, baba," yaani asante. Akatuongezea viazi. "Mle, nyie bado maharusi."

Mume wangu havigusi. Mimi nikivimenya naona kama namenya kitu kingine. Akaniuliza, "Nikisema, barua sipati, nitaenda ile nchi nyingine peke yangu. Ninyamaze?" Nikasema nyamaza. Sikufikiri hata kidogo, nilishika tu mkono wake.

Jana nilimwona bibi ameinama kando ya barabara, anachokoachokoa udongo kwa kijiti. Aliponiona akanipungia.

Barua itatoka mwezi ujao, kazi ikiisha. Lile bonde linamwagiwa kifusi Jumatatu, na baada ya hapo hata mume wangu hataweza kuonyesha mahali. Nyie mlioanza ndoa kabla yangu, niambieni ukweli: nimwambie mume wangu amwonyeshe bibi mwanawe nibaki bila mume miaka miwili, au niache kifusi kimwagwe?