Mgongo wa Mama, Hadi Kesho Adhuhuri

Kilichoninyima usingizi hakikuwa sindano. Lilikuwa swali moja: mama akirudi na dawa ya mionzi mwilini, dada yangu atathubutu tena kumfunga mwanawe kwenye mgongo wa bibi yake?

Mama alikuwa ametibiwa saratani ya titi, na sasa mgongo ulimuuma. Daktari alitaka kuona kama mifupa imeguswa, akamwandikia kipimo cha mifupa cha dawa ya mionzi, kinachofanyika Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo. Kazi sina, muda wa kusoma ninao. Nikasoma mpaka nikajiogopesha. Dada sikumwambia habari ya mionzi.

Tulipanda basi Korogwe alfajiri. Mama hakugusa maji njia nzima. Kwetu mtu wa safari hanywi, maana dereva husimama kuchimba dawa anapotaka yeye, na kwa mgongo ule mama asingeweza kuchuchumaa vichakani. Nilimwacha. Niliamini kila kipimo kikubwa hutaka tumbo tupu.

"Shikamoo mama. Umekunywa maji leo?" kijana mtaalamu wa kipimo aliuliza tulipofika hospitalini.

"Hata tone, mwanangu," mama alijibu kwa fahari.

Kijana akacheka. "Basi hapo umefeli. Hiki hakitaki njaa. Kula, kunywa, nenda msalani mara nyingi. Maji ndiyo yanayosaidia kuitoa dawa."

Akamchoma sindano mkononi, ya kawaida tu. Tukasubiri kama saa tatu, dawa ishike kwenye mifupa. Mama alikunywa chupa baada ya chupa, akiilaumu kila moja. Mimi nikatoa karatasi yangu ya maswali.

"Mashine ndiyo inayotoa mionzi?"

"Hapana, hii inapokea tu. Anayetoa sasa ni mama."

Mama akajitazama viganja. "Kwa hiyo nikizima taa bado naonekana?"

"Ungeonekana, mama, tusingenunua mashine."

Nilikuwa nimeifikiria kama eksirei, miale ikimpiga mtu kutoka nje. Kumbe mwili wenyewe ndio uliokuwa ukisema. Mama alilala bila kutikisika, kamera ikimpitia polepole kutoka kichwani hadi miguuni. Majibu angeyapata kwa daktari wake.

Swali la mwisho nililiuliza kwa sauti ndogo: na mtoto je?

Mionzi hupungua haraka, alisema. Hadi kesho adhuhuri mama asimpakate mtoto wala kumbeba, na asikae karibu na mjamzito. Akitoka msalani anawe vizuri. Mgonjwa mwenyewe akiwa mjamzito, au ananyonyesha, aseme kabla ya sindano.

Hofu ikanirudia. Nyumbani kwetu anayetoka safari hupokewa na mtoto; kabla hata ya shikamoo, anawekewa mikononi.

"Nitamwambia dada yako nimechoka," mama akasema tukielekea kituoni.

Lakini mama hajawahi kuchoka kumpokea mjukuu. Dada angejua papo hapo kuwa anafichwa kitu, na angejibunia mwenyewe kitu kibaya zaidi.

Kabla hatujapanda basi nikampigia. Nikamweleza yote, tangu sindano hadi adhuhuri. Nikamsikia mtoto akigonga sufuria.

"Kesho adhuhuri, basi?"

"Adhuhuri."

"Mwambie asiende shamba. Nikishaswali tu, namletea mtu wake."