Siku Treni ya Muhoroni Haikuondoka

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nikiwa msichana ambaye hajaolewa, nimekaa peke yangu kwenye kigoda nyuma ya migomba ya baba, nikingoja kengele ndogo ilie. Haikulia. Nataka nikueleze habari ya kengele hiyo polepole, kwa sababu najua hujaona reli ya aina ile, na usipoielewa reli hutaelewa kilichonipata.

Baba yangu, Mzee Nyamweya, alifanya kazi ya reli tangu ujana wake. Mimi nilizaliwa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja. Jirani wa kulia alitoka Ukambani, wa kushoto alitoka Pwani, na lugha ya milango yote ilikuwa Kiswahili. Mama alipofariki, baba alikuwa karibu kustaafu. Haukupita muda tukarudi huku kwao Gusii, kijiji cha Gesima, kwenye shamba lake la chai, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepaona wakati wa likizo za Krismasi tu.

Sasa, kama ujuavyo, reli haikuwahi kufika Gusii. Kwa hiyo baba aliileta mwenyewe. Msimamizi wake wa zamani, Mzungu aliyefungasha kurudi kwao baada ya uhuru, alikuwa amemwachia kasha zima la treni ndogo: injini mbili za kukazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, mabehewa yanayoenea kiganjani, na vipande vya reli. Vipande vilipokwisha, fundi bati wa sokoni akatengeneza vingine. Baba alivitandika bustanini. Reli ilianzia barazani, ikapita kando ya jikoni, ikavuka mfereji juu ya daraja la mawe laini yanayochimbwa Tabaka, kisha ikazama kwenye migomba na kuishia ukingoni mwa chai.

Watoto wa jirani walidhani ni mchezo. Baba na wenzake wawili wa reli, Omwenga na Mzee Juma, hawakucheza. Kila Omwenga alipopata ruhusa ya kuja nyumbani, walikutana Jumapili, Sabato yetu ya Jumamosi ikiwa imepita, wakaendesha treni zile kwa ratiba kama kazini. Omwenga ndiye alikuwa dereva. Alikuwa jirani yetu wa ukoo mmoja, mimi nikimwita baba mdogo, naye alikuwa bado anaendesha treni za kweli kutoka Nakuru. Barazani palikuwa Nakuru, na baba ndiye stesheni masta. Kando ya jikoni palikuwa Londiani, kwa Mzee Juma, gadi wa treni mstaafu, Mwislamu wa Kisii mjini aliyekuja kwa basi akiwa amevaa koti lake la kazi na vifungo vyote vimefungwa. Mimi nilipewa Muhoroni, stesheni ya mwisho, nyuma ya migomba, ambako sikumwona mtu na mtu hakuniona.

Kati ya stesheni na stesheni ulipita waya wenye kengele kila upande. Sheria ilikuwa moja. Treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele iulizwe kama njia iko wazi. Mwenye treni ya kutuma huvuta waya. Wa mbele akivuta naye, njia ni yako. Asipojibu, unakaa.

Nilikuwa naijua sheria hiyo. Lakini wakati ule, mwanangu, nilikuwa nimeingiwa na kitu kizito. Ekegusii, lugha ya kwetu, nilikielewa kidogo na kukisema vibaya. Mara ya kwanza kanisani nilisimamishwa niwasalimu waumini, nikachanganya maneno, na vijana wa benchi la nyuma wakacheka mpaka mzee wa kanisa akakohoa. Tangu siku ile nilifunga mdomo. Asubuhi wanawake walipita kwenye lango letu na vikapu mgongoni, wakielekea kuchumiana chai kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kikundi hicho tunakiita egesangio. Walinisalimu, nikaitikia kwa kichwa, wakapita. Nilisimama na ufagio wangu nikisikiliza vicheko vyao vikishuka bondeni. Hawakunikaribisha hata mara moja. Chai yetu ikakomaa mitini, maana baba mgongo ulimsumbua na mimi peke yangu sikuiweza. Ilifika mahali nikawa naongea na kuku, na kuku nao walikuwa wakiondoka kabla sijamaliza.

Basi nikamwambia baba kwamba nataka kurudi Nakuru kwa shangazi. Aliitazama chai iliyokomaa. Akasema, "Sawa." Omwenga alikuwa anarudi kazini Jumanne, angenisindikiza. Nilifunga sanduku langu kwa kamba. Kwa hiyo Jumapili ile ilikuwa ya mwisho kwangu, na baba angebaki na nyumba ile peke yake. Sote wawili tulijua.

Muhoroni, kama ujuavyo, ni nchi ya miwa. Wiki ile nzima nilikuwa nimeshona vifuko vidogo kama kidole gumba, nikavijaza unga wa mbao, nikavifunga uzi. Hayo ndiyo magunia yangu ya sukari. Nilitaka yafike barazani, mtu ayaone, aseme neno. Asubuhi Omwenga aliniletea injini, akaigeuza, akaniachia, akaenda kunywa chai. Nikapakia mabehewa, nikakaa, nikangoja wanigongee kengele.

Nilisikia Nakuru na Londiani wakiulizana na kujibiana. Nilisikia ile injini nyingine ikipiga kelele zake za saa, na Mzee Juma akilalamika kwamba kuku wameziba njia pale tulipopaita Molo, kati ya baraza na jikoni. Kengele yangu ilinyamaza. Nikasema moyoni, unaona, hata hawa wamenisahau. Mawingu yakashuka kutoka upande wa Kericho, na mvua yetu ya alasiri, ambayo haina hodi, ikanyesha. Baba akapaza sauti tuokoe injini. Nilipofika barazani nimebeba mabehewa kifuani, vifuko vilikuwa vimelowa na uzi umefunguka.

Mzee Juma alivitazama. "Muhoroni! Sukari hii ulikuwa unaipeleka Nakuru, au ulitaka iyeyuke njiani tunywe chai ya bure?"

"Mimi nimefika Kampala na mizigo ya kila namna," Omwenga akasema, akikamua shati lake, "leo nimeshindwa na migomba ya Nyamweya."

Wakacheka. Mimi nikasema, "Mlinisahau."

"Nani akusahau?" Mzee Juma akauliza. "Nimekaa Londiani tangu adhuhuri nakungojea wewe. Uliniuliza njia?"

"Nilingoja mniite."

Hapo kicheko kilikwisha. Mzee Juma akavuta kigoda akaketi karibu nami, na sauti yake ikawa nyingine. "Binti yangu, mwenye mzigo ndiye anayeuliza. Mimi huku nitajuaje kama umeshapakia? Waya wako ukinyamaza, nasema Muhoroni bado wana kazi, nisiwasumbue. Nimenyamaza kwa heshima, na wewe kule umekaa unaona dharau."

Baba alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Akasema akikitazama kikombe, "Hata humu ndani anakaa vivyo hivyo."

Nilitamani ardhi inifiche. Lakini Omwenga alikuwa ameanza kufikiri. "Na akina Mama Moraa wa egesangio, nao unangoja wakuite?"

"Hawanitaki, baba mdogo."

"Nani kakwambia? Huku kwetu hakuna anayekwenda kumwita mtu egesangio. Ukimwita ni kama kutangaza kijijini kwamba shamba limemshinda. Mwenye haja huenda mwenyewe na kikapu chake. Mke wangu yumo kwenye kikundi hicho. Kila nikija ananiuliza, yule msichana wa Nakuru anajivunia nini?"

Kujivuna! Mimi niliyekuwa nikilia jikoni ili baba asisikie. Nilielewa siku ile kwamba upweke wangu, ukitazamwa kutoka barabarani, ulikuwa na sura ya maringo.

Jumatatu asubuhi nilisimama langoni na kikapu cha mama, ambacho hakikuwa kimebeba kitu tangu afariki. Nilikuwa nimetunga sentensi nzima kwa Ekegusii na kuirudia usiku. Wanawake walipokaribia, nikasema, "Bwakire buya," yaani habari za asubuhi, na sentensi yote iliyobaki ikatoroka. Mwishowe nikasema kwa Kiswahili kwamba naomba kuingia egesangio.

Mama Moraa, mwanamke mpana aliyekuwa kiongozi wao, akasimama. "Kumbe ana ulimi! Sisi tulidhani waliukata Nakuru." Wenzake wakaangua kicheko. Akanipima kwa macho. "Unajua kuchuma?"

"Sijui vizuri, mama."

"Basi utafundishwa, na tutakucheka. Twende, leo tuko kwa Kerubo."

Sitakudanganya kwamba upweke uliisha asubuhi ile. Sikuelewa nusu ya mazungumzo yao. Nilichuma majani yaliyokomaa badala ya machanga, yakatupwa chini mbele yangu. Walipoimba sikujua maneno, na katikati ya wanawake wale nilijisikia niko mbali kuliko nilivyokuwa nyuma ya migomba. Lakini mchana yule Kerubo alivunja kiazi kitamu chake vipande viwili, akaniwekea kimoja mkononi bila kunitazama, akaendelea kubishana na mwenzake. Nilikila polepole sana.

Omwenga alikuja kunichukua Jumanne kukiwa bado na umande. Nilimkuta uani akiinua sanduku langu.

"Baba mdogo," nikasema, "leo wanakuja kwetu. Mama Moraa ametupa zamu ya leo."

Akaliweka chini. "Basi nitamwambia shangazi yako kwamba umeshikwa na chai." Akaenda zake.

Baba alitoka ndani, akachuchumaa kando ya sanduku, akaanza kufungua kamba, fundo moja baada ya jingine, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja treni zilizochelewa. Alipomaliza akaikunja. "Hii itafaa kwa mbuzi," akasema. Alibaki amechuchumaa pale mpaka wanawake walipoanza kuingia langoni.

Mwanangu, wazee wale wote wameshalala kaburini. Nyumba hii imekuwa kimya tena, na watoto niliowazaa wanaishi mbali. Bado ninaujua upweke, na najua kwamba wewe pia unaujua, pengine kwenye chumba cha kupanga mjini, au kwa wakwe ambako bado hujazoea. Nasaha yangu ni hii. Usihukumu kimya cha watu kabla hujawauliza. Wengi hawakuchukii, hawajui tu kwamba una haja nao. Nenda wewe kwanza, hata sauti ikitetemeka, hata maneno yakikutoroka, na ukichekwa kidogo vumilia, maana mara nyingi huko ndiko kukaribishwa. Na ukiwa umeshapata watu wako, mtazame anayeitikia kwa kichwa tu, umsalimu mara ya pili.

Mungu akupe ujasiri wa kubisha hodi, na mtu wa kukuitikia. Akupe mkono wa kukumegea kiazi siku usiyoelewa lolote. Na popote utakapolala leo, ulale ukijua kwamba huku Gesima kuna bibi anayekutaja katika sala yake.