Chumba Alichokipanua Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya barabara Tunduma wakati wa Mwingereza, hakuna mtoto aliyesema "chumbani kwangu". Chumba kilikuwa kimoja, cha familia nzima, katika safu ndefu ya vyumba vya matofali mabichi vilivyoezekwa bati. Jirani akikaanga karanga, safu nzima ilimeza mate. Mtoto akichapwa mwisho wa safu, huku mwanzo walishajua kosa lake.

Baba alikuwa fundi wa madaraja, mtu wa Ibaba kule milimani Ileje. Tulikuwa watoto watatu: mimi Tusekile, mdogo wangu Ambakisye, na Atu aliyekuwa bado ananyonya. Tuliruka kamba, tukacheza mpira wa matambara, tukakimbiza vumbi la malori yaliyokwenda ng'ambo, Rhodesia. Jioni tulirudi na miguu myekundu, na Mama alisema neno moja tu: "Maji." Hakuna aliyepita mlango bila kunawa.

Mwaka Babu alipofariki, Bibi alibaki peke yake Ibaba, miguu imevimba, hata kuni hawezi kuokota. Baba akaomba ruhusa ya kumleta. Mnyapara wa kambi, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikuja akasimama mlangoni petu, akachungulia ndani.

"Mama Tusekile, hiki ni chumba, si ghala. Bibi akiingia, hawa wawili wakubwa warudi kijijini. Bwana mkubwa akija kukagua akikuta mmejazana, nitaulizwa mimi."

Kurudi kijijini maana yake ilikuwa kuiacha shule ya misheni, maana Ibaba ya siku zile shule ilikuwa mbali mno kwa miguu ya mtoto. Ambakisye akaanza kulia. Mama akamtazama Mnyapara.

"Na akikuta hatujajazana?"

"Basi nitakuwa wa kwanza kukupa mkono," alisema, akaenda zake akicheka.

Siku hiyo hiyo Mama alitoa kila kitu nje. Akatulaza sakafuni, akatuzungushia mkaa mmoja mmoja, kama fundi cherehani anavyochora kitambaa kabla ya kukata. Baba alisimama mikono kiunoni.

"Chumba hakivutiki, mke wangu."

"Chini kumejaa," Mama alijibu. "Je, juu analala nani?"

Tukatazama juu. Kutoka kichwa cha Baba mpaka bati palikuwa na buibui tu.

Baba akaenda Ibaba, akarudi juu ya lori na Bibi na mzigo mkubwa wa mianzi. Bibi alishuka polepole, akajifuta vumbi, na baada ya salamu akauliza, "Nikae wapi nisuke? Sikuja hapa kulishwa tu." Mianzi ile aliichagua mwenyewe kabla ya kuondoka. Akaipasua, akasuka pazia la kugawa chumba. Usiku linashushwa, mchana linakunjwa. Baba akapanga mianzi minene juu ya boriti, ikawa dari ya kulala mimi na Ambakisye, na ngazi yake ikitundikwa ukutani. Kitanda cha wazazi kiliinuliwa miguu, chini yake yakaingia masanduku ya mbao ya kubebea madebe ya petroli, yenye vishikio vya kamba, kabati letu la nguo. Mimi na Mama tulishona gunia zima kuwa mifuko ya ukutani: huu wa mwiko, huu wa sahani, huu wa vibao vyetu vya shule. Jirani yetu Bana Chanda, yaani Mama Chanda, Mbemba kutoka ng'ambo, alikuja kutusaidia kupaka kuta udongo mweupe. Akamwambia Mama kwa heshima ya kwao, "Mayo, humu sasa mtafuga na ng'ombe."

Si kwamba kila kitu kilikubali mara moja. Meza tuliifunga ukutani kwa vipande vya tairi ili ikunjwe baada ya kula. Siku ya kwanza misumari iling'oka, maharage yote chini. Mama alinyoosha misumari kwa jiwe, akakata tairi pana zaidi, na meza ile haikuanguka tena.

Bwana mkubwa, Mzungu wa barabara, alikuja. Aliinama mlangoni, akakuta kuta nyeupe, sakafu imesiribwa, Bibi kwenye kigoda anasuka.

"Watu ngapi lala hapa?"

"Sita, Bwana," Baba alisema.

"Sita? Wapi?"

Mama akaitundua ngazi, mimi na Ambakisye tukapanda kama nyani. Bwana akaisukuma mianzi kwa mkono, akatikisa kichwa. "Hii taanguka."

"Apande Mnyapara," alisema Mama.

Bwana akamgeukia Mnyapara. Maskini akavua viatu, akapanda, ngazi ikilia chini yake, mpaka akaketi kati yetu, miguu inaning'inia. Mianzi ikapinda kidogo, ikatulia. Bibi hakuinua hata macho.

"Mwambieni asitikise miguu. Ananimwagia vumbi."

Bwana mkubwa alicheka, akasema tubaki wote. Na Mnyapara, mtu wa neno lake, alishuka akampa Mama mkono. Haikupita muda mkewe akaja na gunia chini ya kwapa, kujifunza kushona mifuko. Masika yalipoanza, karibu kila chumba cha safu yetu kilikuwa na dari.

Bibi aliishi nasi humo mpaka alipopumzika. Mimi nikasoma, nikawa mwalimu. Juzi mjukuu wangu aliyepanga ghorofani Dar, yeye, mumewe na mtoto mmoja, alilalamika kuwa vyumba viwili vimewabana. Eti atanunua kochi linalogeuka kitanda, ubunifu wa kisasa. Nikamwambia anunue tu.

Mimi leo nina nyumba yangu Isansa, vyumba vingi, madirisha makubwa, na ninajivunia kila tofali. Wajukuu wakija likizo, kila mmoja ana chumba chake, na kila mmoja hufunga mlango, yeye na simu yake. Nafasi ipo ya kutosha. Chakula kikiiva, nazunguka ukumbini nikigonga mlango mmoja baada ya mwingine, nikiita watu waje tukae pamoja.